Bei Ndogo Si Lazima Iwe Nafuu

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyejua kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo, uliza darasani kibaba ni nini, na aghalabu utajibiwa kwa kimya. Kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Leo tuna gramu na mililita zilizochapishwa kwenye paketi, lakini wengi wetu tuingiapo dukani hutazama bei peke yake.

Simama jioni katika duka lolote la mtaani, Msambweni au Ukunda. Atakuja mtoto, mkononi ana chupa tupu na sarafu. "Shikamoo mjomba. Mama asema umpimie mafuta ya thelathini, na majani ya chai paketi ndogo." Kesho atarudi, na kesho kutwa pia.

Natufanye hesabu kidogo. (Bei hizi ni za mfano tu, maana bei za kweli hazikai mahali pamoja.) Paketi ya majani ya chai ya gramu 50 ni shilingi 35, na ya gramu 250 ni shilingi 150. Ile ndogo yaonekana rahisi. Lakini kwa kila gramu 100, ndogo inakutoza shilingi 70 na kubwa shilingi 60. Anayenunua ndogo tano hulipa shilingi 175 kwa kitu ambacho jirani yake amekipata kwa 150.

Sabuni ni mtego mbaya zaidi. Miche miwili imelala pamoja rafuni, urefu wake karibu sawa. Mmoja shilingi 180, mwingine 152. Mwenye haraka huchukua wa 152. Laiti angesoma maandishi madogo, angeona kwamba wa kwanza ni gramu 1,000 na wa pili ni 800. Kwa kila gramu 100, ule wa "bei nafuu" ni shilingi 19, na ule wa "ghali" ni 18.

Lakini tusije tukamkemea bure mama aliyemtuma yule mtoto. Mvuvi wa Msambweni hupata riziki yake kwa siku, na kusi inapovuma kwa nguvu kuna siku ambazo hapati kitu. Atazitoa wapi shilingi 150 za majani ya chai kwa mkupuo mmoja? Huu ndio uchungu wa jambo lenyewe: mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila gramu, na si kwa ujinga wake. Mfanyakazi wa hoteli ya Diani anayelipwa kwa mwezi anaweza kununua kikubwa. Mvuvi hawezi, isipokuwa kwa ushirika. Majirani watano wakichanga shilingi 30 kila mmoja, watanunua ile paketi ya 150 na kugawana gramu 50 kwa kila nyumba. Kila mmoja ameokoa shilingi 5, na hakuna aliyekopa.

Isitoshe, kikubwa nacho si bora siku zote. Nyanya za bei ya jumla zitaoza kwa joto letu kabla hazijaliwa. Na anayepanda matatu kutoka Msambweni hadi Ukunda kufuata sukari ya bei ya chini, sharti aigawe nauli yake juu ya kilo alizonunua, ama sivyo anajidanganya.

Walimu wenzangu, kugawanya huku tunakufundisha. Tatizo ni kwamba tunakufundisha kwa Kiingereza, kwa mifano ya vitu ambavyo mtoto hajawahi kutumwa kununua, naye dukani husema Kiswahili au Kidigo. Jumatatu ijayo waambieni wanafunzi waje na paketi tupu kutoka nyumbani, kila moja imeandikwa bei iliyonunuliwa, wazipange mezani kuanzia iliyo nafuu kweli hadi iliyo ghali.