Je, Wajua? Rangi, Brashi na Leseni ya Kutibu

Je, wajua kwamba aliyeipa tiba kwa sanaa jina lake alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu? Mwaka 1938 mchoraji Mwingereza Adrian Hill alilazwa katika hospitali ya TB huko Midhurst, kusini mwa Uingereza. Dawa za kuua vijidudu vya TB zilikuwa bado, kwa hiyo mgonjwa alipewa kitanda, hewa safi na subira. Hill subira ikamshinda, akaanza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake. Baadaye akawafundisha wagonjwa wenzake, wakiwemo askari waliokuwa wakiuguza majeraha ya vita. Jina la tiba hiyo alilitoa mwaka 1942, na kitabu chake kikafuata mwaka 1945.

Je, wajua kwamba mojawapo ya hazina kubwa za michoro ya wagonjwa wa akili ina karatasi za chooni? Mchoraji Edward Adamson alipofika katika hospitali ya Netherne, Surrey, mwaka 1946, mgonjwa mmoja alimpa michoro aliyoichora kwa masizi ya njiti za kiberiti zilizoungua. Karatasi ya kuchorea hakuwa nayo, akatumia ya msalani.

Madaktari wa Netherne walikuwa na utafiti wao. Walitaka kuona kama picha zingewasaidia kuelewa maradhi, hivyo wakaagiza wagonjwa wapewe vifaa vinavyofanana, naye Adamson asiwaelekeze wala asifafanue walichochora. Akae tu awepo. Huenda walidhani wanambana, kumbe walimfundisha nusu ya kazi, maana kuketi na mtu anayechora uchungu wake bila kumrukia na maelezo ni ustadi ambao wengi wetu hatuna. Jaribu na mwanao wa miaka 4 uone utakavyoshindwa kujizuia: “Hii ni nini, nyumba?” Adamson alidumu hapo hadi mwaka 1981, na maelfu ya kazi za wagonjwa wake yanahifadhiwa London hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1946, ng'ambo ya Atlantiki, Dkt. Nise da Silveira wa Brazili alifungua chumba cha kuchorea katika hospitali ya Engenho de Dentro, Rio de Janeiro. Alikuwa amekwisha kufungwa jela kwa sababu za kisiasa. Aliporudi kazini alikataa kuwapiga wagonjwa umeme wa kichwani, akakataa pia upasuaji wa kukata mishipa ya ubongo. Wakuu wakampeleka kitengo cha kazi za mikono, kilichohesabiwa kuwa hakina maana. Kutoka kitengo hicho cha kudharauliwa likazaliwa, mwaka 1952, Jumba la Makumbusho la Picha za Nafsi Fiche, ambalo leo lina kazi zaidi ya 350,000. Mbwa na paka nao aliwaingiza wodini, akawaita wasaidizi wake wa tiba.

Je, wajua kwamba nchini Uingereza huwezi kujiita mtaalamu wa tiba kwa sanaa kwa sababu tu unajua kuchora na una huruma? Chama cha taaluma hiyo kiliundwa mwaka 1964, lakini kutambuliwa na serikali kulikuja mwaka 1997. Sasa jina lenyewe linalindwa na sheria: anayelitumia bila kusajiliwa anatenda kosa la jinai, na njia ya kufika kwenye usajili ni shahada ya uzamili yenye mafunzo kwa vitendo. Afrika Kusini nayo husajili wataalamu hawa kupitia baraza lake la taaluma za afya. Zile jioni za kupaka rangi huku watu wakinywa mvinyo, ambazo Nairobi zina wapenzi wengi, ni starehe safi kabisa. Tiba ni jambo jingine.

Taaluma ikishapata cheti hudaiwa ushahidi, na hapa mambo hayakwenda kirahisi. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2019 iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, nayo ilitia moyo. Lakini mwaka 2012 jarida la kitabibu la BMJ lilikuwa limechapisha jaribio la Uingereza lililohusisha watu 417 wenye skizofrenia. Waliopangiwa vikundi vya tiba kwa sanaa, pamoja na matibabu yao ya kawaida, hawakupata nafuu kuwazidi wenzao. Wengi hawakuwa wakihudhuria, na wapo waliosema kwamba dawa usiyoimeza haiwezi kupimwa. Hoja hiyo ina uzito, ingawa kwangu mahudhurio nayo ni sehemu ya jibu: tiba inayowashinda wagonjwa kuifuata ina kasoro ya kurekebishwa, iwe ni saa, mahali au namna ya kuwaalika.

Na je, wajua kwamba picha inayochorwa katika kikao cha tiba ina siri kama lilivyo faili la hospitali? Mtaalamu huihifadhi mahali salama, na kuionyesha hadharani bila ridhaa ya aliyeichora ni kuvunja maadili ya kazi. Wale wa Netherne na Rio walichora kabla kanuni hizo hazijakomaa, ndiyo maana wahifadhi wa leo bado wanabishana kama majina yao yaandikwe chini ya picha au yafichwe.