Ujira Usiojulikana: Mageuzi ya Mishahara ya Viwandani katika Umoja wa Kisovieti, 1956–1962

Katika mlango wa ijara wanavyuoni wa fiqihi wamerefusha maneno juu ya sharti moja ambalo msomaji mwenye haraka hulipita: kwamba ujira ujulikane, na kinacholipiwa nacho kijulikane, ama kwa muda wake, ama kwa kazi yenyewe. Aliyekodiwa kwa muda, ambaye wao humwita ajiri khas, hustahiki ujira kwa kujisalimisha katika muda ule, hata kama mwajiri hakumpa la kufanya. Aliyekodiwa kwa kazi, ajiri mushtarak, mfano wa fundi cherehani anayelipwa kwa kila kanzu, hustahiki anapoimaliza kazi. Likiingia giza katika kimoja ya viwili hivi, yaani jahala, ugomvi hauko mbali.

Wanafunzi wetu hudhani kwamba hili ni suala la soko la zamani, la wachukuzi na wachimba visima. Tumeona tuwaeleze mfano wa karibu zaidi, tena kutoka katika dola lililojiita dola la wafanyakazi. Ni mageuzi ya mishahara yaliyofanywa katika viwanda vya Umoja wa Kisovieti tangu mwaka 1956 hadi 1962, katika zama za Nikita Khrushchev.

Ili mageuzi hayo yafahamike ni lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1931 Stalin aliwashutumu waliotaka mishahara ya wafanyakazi ikaribiane, na kazi ya kipande ikaenea viwandani. Kila kazi iliwekewa kipimo: chuma kadhaa zichongwe kwa zamu moja, tani kadhaa za makaa zichimbwe. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1935, mchimba makaa aitwaye Aleksei Stakhanov alisemekana kuchimba tani 102 katika zamu moja, mara kumi na nne ya kipimo chake. Ukweli ni kwamba alikuwa na wasaidizi waliofanya kazi ya kuegemeza dari nyuma yake, lakini jina lilikuwa la mmoja. Dola likamfanya kiigizo, na mwaka uliofuata vipimo vikapandishwa kwa watu wote. Hapa mfanyakazi alijifunza somo ambalo hakulisahau: akizidisha leo, kesho kile alichozidisha ndicho kitakachokuwa kipimo.

Kisha ikaja sheria ya tarehe 26 Juni 1940. Kuacha kazi bila ya ruhusa kukawa ni kosa la jinai lenye kifungo cha miezi miwili hadi minne, na aliyechelewa zaidi ya dakika ishirini alihesabiwa kuwa mtoro, akahukumiwa kukatwa hadi robo ya mshahara kwa muda wa miezi sita. Mwanafunzi wa fiqihi atajiuliza papo hapo: ridhaa iko wapi? Mkataba ambao upande mmoja hauwezi kuondoka si mkataba tunaoujua sisi.

Basi mfanyakazi aliyefungiwa mlango wa kutoka alitafuta dirisha, na dirisha lilikuwa kwenye kipimo. Mshahara wa msingi ulikuwa mdogo mno, na kwa miaka mingi serikali haikuupandisha ipasavyo. Msimamizi wa karakana naye alikuwa na hesabu yake ya kutimiza kwa wakubwa, na hakuweza kuitimiza akiwa na watu wenye njaa. Wakaelewana bila ya kuandikiana. Vipimo vikaachwa vilegee. Kazi ya saa tano ikaandikwa kuwa ni ya saa nane, na muda uliopotea kwa kukosa vifaa ukafichwa ndani ya daftari. Tuseme kipimo ni vyuma kumi. Kila mtu karakani alijua kwamba mchongaji wa kawaida hutoa kumi na saba bila ya kutokwa na jasho jingi. Kwa hiyo ilipofika katikati ya miaka ya 1950, mfanyakazi wa kipande kwa wastani alikuwa akikivuka kipimo kwa zaidi ya nusu yake, na karibu robo tatu ya wafanyakazi wa viwandani walilipwa kwa njia hiyo. Sehemu kubwa ya wanachopokea ilikuwa ni ziada na bakshishi, si mshahara. Viwango vyenyewe vilikuwa vingi kupita kiasi, kila wizara na vyake, hata kazi moja katika mji mmoja ikalipwa malipo mbalimbali.

Hilo ndilo giza tulilolitaja. Mshahara ulioandikwa haukuwa ule uliolipwa, na ule uliolipwa ulitegemea huruma ya msimamizi. Serikali haikujua kazi inafanywa kiasi gani, na mfanyakazi hakujua haki yake ni ipi.

Mei 1955 iliundwa Kamati ya Serikali ya Kazi na Mishahara, na mwanzo wa uongozi wake alikabidhiwa Lazar Kaganovich. Mwaka 1956, baada ya Mkutano Mkuu wa 20 wa chama, kazi ikaanza. Aprili ya mwaka huo adhabu ya jinai kwa anayeacha kazi ilifutwa, na hilo kwa maoni yetu ndilo jambo bora kuliko yote yaliyofanywa, kwani lilimrudishia mtu miguu yake. Kuanzia Januari 1957 kima cha chini kikawekwa: rubli 300 hadi 350 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa viwandani mijini, na 270 vijijini. Siku ya kazi ikafupishwa kwa awamu hadi saa saba. Kuhusu mishahara yenyewe, nia ilikuwa ni kuupandisha mshahara wa msingi uwe ndio sehemu kubwa ya pato, kukaza vipimo viwe vya kweli, kupunguza wingi wa viwango hadi katika viwanda vingi zibakie ngazi sita tu, na kuwahamisha watu kutoka kwenye kipande kwenda kwenye malipo ya muda palipo na mitambo inayojiendesha, ambapo mtu hawezi kuharakisha kitu.

Nia hiyo hatuilaumu. Kama tungeulizwa sisi, tungesema yanafanana na kuutoa ujira gizani. Lakini kukaza kipimo na kupandisha msingi ni mambo mawili yanayotakiwa yaende pamoja kwa mizani moja, na mizani haikuwa moja. Waliokuwa wakiendesha mashine za kuchonga vyuma ndio walioumia zaidi, kwa sababu vipimo vyao ndivyo vilivyokuwa rahisi kukazwa. Kila mwendo wa mkono wao ulihesabika. Waliokuwa wakifanya kazi zisizohesabika waliponea. Na kwa kuwa sasa mtu aliruhusiwa kuondoka, wachongaji wakaondoka, viwanda vya mitambo vikakosa mafundi, na wasimamizi wakarudi kwenye daftari lao la zamani ili wawazuie wachache waliobakia. Mwaka 1962 takriban asilimia 60 ya wafanyakazi walikuwa bado wako kwenye kipande.

Mwaka huo huo katika mji wa Novocherkassk, kusini mwa Urusi, lilitokea jambo lililoonesha uzito wa haya. Katika kiwanda cha vichwa vya treni vya umeme vipimo vilikuwa vimekazwa miezi ya nyuma, na mapato ya baadhi ya karakana yakashuka kwa hadi asilimia 30. Tarehe 1 Juni 1962 ikatangazwa nchi nzima kwamba bei ya nyama imepanda kwa asilimia 30 hivi, na siagi kwa 25. Msomaji azingatie: aliyepunguza ujira na aliyepandisha bei ni mmoja, naye ndiye hakimu. Hapakuwa na mwajiri mwingine wa kukimbilia wala chama cha wafanyakazi kisichokuwa chake. Inasimuliwa kwamba wafanyakazi walipomuuliza mkurugenzi wataishije, aliwajibu kwa kejeli wale maandazi ya maini. Wakaacha kazi, wakaziba njia ya reli.

Siku ya pili waliandamana kuelekea mjini, wanaume, wanawake na vijana, wakiwa na bendera nyekundu na picha za Lenin, maana wengi wao waliamini kwamba wanadai kile ambacho dola lenyewe liliwaahidi. Darajani walikuta vifaru. Jenerali Matvei Shaposhnikov aliyekuwa pale alikataa kuamuru vifaru viwapige. Baadaye alivuliwa uanachama wa chama. Waandamanaji walivuka, wakafika uwanjani mbele ya jengo la chama, na hapo askari wakafyatua risasi. Waliokufa kwa jumla ni 26, na waliojeruhiwa ni 87. Mahakama ikawahukumu kifo watu saba kwa uongozi wa fujo, wakauawa. Maiti za uwanjani hawakukabidhiwa jamaa zao. Walizikwa usiku kwa siri katika makaburi ya sehemu mbalimbali, na waliohusika wakatiliana saini ya kunyamaza. Nchi haikuambiwa neno mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980, na mabaki yao yalipatikana katika miaka ya 1990.

Kukaza vipimo kulipoa baada ya hapo, pasipo amri ya kukusitisha. Wasimamizi waliendelea kuandika wanachoandika. Na bei ya nyama katika maduka ya serikali haikuguswa tena mpaka Aprili 1991, miezi michache kabla ya dola lenyewe kuvunjika. Ila kwa miaka mingi kabla ya hapo, mwenye kuifuata dukani kwa bei ile mara nyingi aliikuta meza tupu.