Mikutano Maalumu ya Mabunge ya Majimbo na Hatima ya Miswada ya Haki za Silaha Iliyokwama: Mifano ya Louisiana na Tennessee, Marekani

1.0 Utangulizi

Miswada mingi inayowasilishwa katika mabunge ya majimbo ya Marekani haikataliwi kwa kura, hukwama tu. Huachwa katika kamati, hukosa nafasi katika orodha ya shughuli, hupitishwa na baraza moja na kutelekezwa na jingine, au huvuka mabaraza yote mawili kisha ikagonga kura ya turufu ya gavana. Miswada inayokusudia kupanua haki ya raia kumiliki na kubeba silaha za moto imepitia njia zote hizo. Muda wa mkutano wa kawaida unapokwisha, watetezi wa miswada hiyo huweza kumgeukia gavana wakimtaka aitishe mkutano maalumu. Makala hii inachunguza iwapo mkutano wa namna hiyo huukwamua muswada kweli, na kama huukwamua, kwa nguvu gani.

Istilahi moja inahitaji kuwekwa sawa. Taarifa rasmi za Bunge la Tanzania hutofautisha mkutano, yaani kipindi kizima cha shughuli za Bunge, na kikao, yaani siku moja ya kukaa. Matumizi hayo yanafuatwa hapa, kwa sababu uhai wa muswada katika majimbo yanayojadiliwa hupimwa kwa mikutano, wala si kwa vikao.

Hoja inayotetewa ni kwamba mkutano maalumu hauongezi hata kura moja. Unachobadilisha ni mtu anayeshika ufunguo wa orodha ya shughuli. Kwa hiyo athari yake kwa muswada hutegemea mahali ulipokwama na nani aliyeukwamisha.

2.0 Hati ya wito na mipaka yake

Katika mkutano wa kawaida, ufunguo huo umo mikononi mwa maspika na wenyeviti wa kamati. Katika mkutano maalumu, sehemu kubwa yake huhamia kwa anayeandika hati ya wito. Bunge la Texas, kwa mfano, hukutana kwa siku 140 kila baada ya miaka miwili. Gavana akiliitisha nje ya muda huo, haliwezi kuzidisha siku 30, na hutunga sheria juu ya mambo aliyoyataja yeye tu. Katiba ya Tennessee inaelekeza vivyo hivyo: wito lazima utaje makusudi, na wabunge wasishughulikie jambo jingine. Katiba ya Louisiana, katika sehemu ya 2 ya ibara ya III, ni kali zaidi, kwani sheria inayotoka nje ya mambo yaliyoorodheshwa katika wito ni batili. Hata hivyo, katiba hiyo inaruhusu pia wabunge wenyewe kuitisha mkutano endapo wengi wa wajumbe wa kila baraza watatia saini ombi. Mlango huo wa nyuma haupaswi kusahauliwa na mtafiti anayedhani kwamba kila kitu humtegemea gavana.

Matokeo ya kiutaratibu ni mawili. Kwanza, muswada uliokwama haujiingizi wenyewe katika mkutano maalumu. Huwasilishwa upya, hupewa namba mpya, na husikilizwa tena na kamati kana kwamba haujawahi kuonekana. Pili, maneno ya wito yanaweza kuwa lango au ukuta. Mada ikitajwa kwa upana, kila mwenye muswada hupata pa kupita; ikitajwa kwa masharti, mjadala huwa umekwisha kuamuliwa kabla wabunge hawajaketi.

Ikumbukwe pia kwamba lango hilo halimtambui mpitaji. Mwaka 2022, Mahakama Kuu ya Marekani ilipobatilisha masharti ya vibali vya kubeba silaha ya New York tarehe 23 Juni, gavana wa jimbo hilo aliitisha mkutano maalumu, na kufikia tarehe 1 Julai bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya ya masharti makali. Chombo ambacho watetezi wa haki za silaha wanakiombea katika jimbo moja ndicho kinachowabana katika jingine.

3.0 Louisiana: muswada uliokwama kwa gavana

Mwaka 2021 Bunge la Louisiana lilipitisha muswada SB 118, uliokusudia kuwaruhusu watu wenye umri wa miaka 21 na zaidi kubeba silaha kwa kificho bila kibali. Kubeba silaha waziwazi hakukuhitaji kibali hata kabla ya hapo. Kilichobishaniwa ni kificho, pamoja na mafunzo ambayo mwombaji wa kibali alilazimika kuyapata. Gavana John Bel Edwards aliukataa kwa kura ya turufu.

Katiba ya jimbo hilo ina aina yake ya mkutano kwa hali hiyo. Mkutano wa kupitia miswada iliyokataliwa hufunguliwa wenyewe siku ya 40 baada ya mkutano wa kawaida kufungwa, isipokuwa wengi wa wajumbe wa baraza mojawapo waandike kwamba hauhitajiki. Tangu katiba ya 1974, wabunge walikuwa wakiandika hivyo kila mara. Julai 2021 hawakuandika, na mkutano ukafanyika kwa mara ya kwanza. Seneti ilipiga kura 23 za kuupindua uamuzi wa gavana dhidi ya 15, ilhali kura 26 kati ya 39 zilihitajika. Muswada ukafia hapo.

Tukio hili linafundisha zaidi ya namba zake. Baadhi ya maseneta waliokuwa wameuunga mkono muswada katika mkutano wa kawaida hawakuunga mkono kuupindua uamuzi wa gavana. Tafsiri ya mwandishi ni kwamba kura ya awali ilikuwa na gharama ndogo: anayejua kwamba gavana atakataa huweza kuunga mkono jambo asilotaka kulibeba. Mkutano wa Julai uliondoa kinga hiyo. Badala ya kuukwamua muswada, ulifichua kwamba uungwaji mkono wake haukuwa mzito kama ulivyoonekana.

Miswada ya aina hiyo ilirudi katika mikutano ya kawaida iliyofuata bila kuwa sheria. Januari 2024 Jeff Landry alishika ugavana, naye akaitisha mkutano maalumu kuhusu uhalifu, uliofunguliwa tarehe 19 Februari na kufungwa tarehe 29. Kubeba silaha bila kibali kulikuwamo katika wito, bega kwa bega na kuondolewa kwa msamaha wa kifungo na kuongezwa kwa njia za kutekeleza hukumu ya kifo. Muswada, safari hii ukiwa SB 1 na umri ukishushwa hadi miaka 18, ulitiwa saini tarehe 5 Machi na kuanza kutumika tarehe 4 Julai.

Ni rahisi kusema kwamba mkutano maalumu ndio uliofanya kazi hiyo. Kalenda inakataa. Mkutano wa kawaida ulifunguliwa tarehe 11 Machi, wabunge wakiwa walewale na gavana yuleyule, na sheria za mkutano wa kawaida kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Agosti. Kilichookolewa ni wiki nne hivi. Kizuizi kilikuwa turufu, na turufu iliondolewa na uchaguzi. Faida halisi ya mkutano ilikuwa ya kisiasa: muswada ulisogezwa mbele ya msongamano wa mamia ya miswada mingine na ukavikwa vazi la vita dhidi ya uhalifu.

4.0 Tennessee: muswada uliokwama miongoni mwa wenyewe

Tennessee inaonyesha upande wa pili. Tarehe 27 Machi 2023 watoto watatu na watu wazima watatu waliuawa kwa risasi katika shule ya Covenant, Nashville. Gavana Bill Lee alipendekeza amri za mahakama za kuwaondolea silaha kwa muda watu wanaoonekana kuwa hatari, lakini chama chake, chenye wingi mkubwa katika mabaraza yote mawili, hakikulishughulikia pendekezo hilo katika mkutano wa kawaida. Akaitisha mkutano maalumu wa Agosti.

Hati ya wito yenyewe inastahili kusomwa kwa makini. Ilitaja utunzaji salama wa silaha, lakini ikaongeza kwamba hatua hizo zisianzishe adhabu kwa asiyetunza. Ilitaja amri za muda zinazohusu afya ya akili, lakini kwa sharti kwamba zisitolewe bila mhusika kusikilizwa. Hofu ya watetezi wa haki za silaha ilikuwa imekwisha kuandikwa ndani ya wito. Mkutano ulifunguliwa tarehe 21 Agosti na kufungwa tarehe 29, mabaraza mawili yakivutana juu ya idadi ya miswada ya kujadili, na ukaishia kwa hatua chache, miongoni mwake motisha za utunzaji salama. Amri za kuondoa silaha hazikupita.

Upande wa kupanua haki nao haukuvuna. Muswada wa kuwaruhusu walimu waliopata mafunzo kubeba silaha shuleni ulikuwa umekwama katika mkutano wa kawaida wa 2023, na mkutano wa Agosti ulipita bila kuufanya sheria. Lakini bunge la Tennessee huhesabiwa kwa miaka miwili, hivyo muswada wa mwaka wa kwanza hubaki hai katika wa pili. Ukafufuliwa palepale ulipolala, ukapitishwa na mabaraza yote mawili Aprili 2024 katika mkutano wa kawaida, na gavana akautia saini tarehe 26 ya mwezi huo.