Dawa ya Kuondoa Uzee Bado Haijapatikana: Linda Mapafu Yako



Wewe unayevunja jiwe upande wa Kiambi, huenda umesikia kwamba kuna dawa ya kuondoa uzee mwilini. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ifahamu vizuri kabla ya kutoa pesa yako.

Mwili umejengwa kwa seli, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Mwaka 1961, huko Marekani, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za mtu hujigawanya mara 50 hivi, kisha huacha. Nyingi kati ya hizo hazifi upesi. Hubaki zikitoa vitu vinavyodhuru seli za jirani, kama nguzo iliyooza shimoni: haibebi tena, na inaozesha za karibu.

Mwaka 2011 wataalamu wa Mayo Clinic waliondoa seli hizo katika panya, na baadhi ya dalili za uzee zikachelewa. Mwaka 2015 wao na wenzao walijaribu dawa mbili pamoja: dasatinibu, ambayo ni dawa ya kansa ya damu, na kwesetini, iliyomo hata katika kitunguu. Mwaka 2019 wagonjwa 14 wenye makovu ya mapafu walipewa dawa hizo. Walitembea vizuri zaidi kidogo, lakini nguvu ya mapafu haikuongezeka. Mwaka 2020 dawa nyingine, ya magoti, haikushinda dawa bandia.

Basi usinunue dasatinibu kwa mchuuzi. Yaweza kupunguza damu na kujaza maji kifuani.

Vumbi la kwatzi nalo huacha makovu mapafuni. Ugonjwa huo ni silikosi. Hauna dawa ya kuuponya, tena hufungulia kifua kikuu mlango.

Kwa hiyo kumbuka:

1. Mwagia jiwe maji kabla ya kulitoboa na wakati wa kulitoboa.
2. Vaa maski ya vumbi. Kitambaa hakitoshi.
3. Usifagie vumbi kavu.
4. Acha tumbaku.
5. Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, mwone mganga, upigwe picha ya mapafu na kupimwa makohozi.

Wataalamu waendelee kutafuta. Wewe usingoje: maji na maski ni vya leo.