Kilele cha mlima ni nusu ya safari

MSOMAJI mpendwa, je, umewahi kualikwa na marafiki mkapande mlima, ukakubali upesi ukidhani ni matembezi tu? Mimi, daktari wa miaka arobaini na ushei, nilikubali vivyo hivyo.

Tulikuwa watano. Saa moja asubuhi tulianza safari katika kituo cha msitu cha Njabini, Kaunti ya Nyandarua, tukiongozwa na askari wa msitu. Tulikuwa tukielekea Elephant Hill katika milima ya Aberdare, kilele chenye kimo cha zaidi ya mita 3,500. Tulipita kwenye mianzi na matope hadi pale wapandaji wanapopaita "mahali pa kukata tamaa". Hatukukata tamaa. Kufikia saa saba mchana tulikuwa kileleni, tukipongezana kana kwamba kazi imekwisha.

Kumbe bado. Mvua ilitukuta tukiteremka. Mwenzetu mmoja, mtu mwenye afya njema, alikuwa amevaa fulana ya pamba iliyokwisha kulowa jasho. Alipoanza kutetemeka, wengine walimtania. Baadaye akawa anajikwaa na kusema maneno yasiyoeleweka. Ni mimi niliyepaswa kutambua mapema, lakini nilikuwa nimetangulia mbali, nikiwazia chai iliyokuwa garini. Ilibidi niitwe nirudi.

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, ubongo na misuli hulegea. Usidhani ni lazima pawe na theluji. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila upandapo mita 1,000, nazo nguo zilizolowa zikipigwa na upepo hunyonya joto la mwili. Isitoshe, uchovu na njaa huzidisha hatari hiyo.

Tulimkinga kwa turubai, tukamvua nguo zilizolowa, tukamvisha sweta kavu na kofia, na kumkalisha juu ya mikoba ili asiguse ardhi baridi. Kwa kuwa alikuwa na fahamu na aliweza kumeza, tulimpa chapati na chai tamu ambayo mmoja wetu alikuwa ameibeba katika chupa. Baada ya nusu saa, maneno yake yalinyooka.

Mtu wa namna hiyo usimpe pombe, wala usimsugue mikono na miguu. Akiacha kutetemeka ilhali mwili ni baridi na amechanganyikiwa, hali ni mbaya. Anahitaji hospitali haraka.

Iwapo unapanga safari kama hiyo, zingatia haya:

• Beba sweta kavu na koti la mvua, hata kukiwa na jua asubuhi.

• Mwendo wa kundi uwe wa yule aliye nyuma.

• Kula kidogo kidogo na unywe maji usikiapo kiu.

• Ukipita mita 2,500, maumivu ya kichwa na kichefuchefu vinavyozidi ni ishara ya kuteremka.

• Kubalianeni mapema saa ya kugeuka, mfike msifike.

• Mapaja yatauma siku mbili tatu, hasa kwa sababu ya kuteremka. Usimeze ibuprofen ukiwa umepungukiwa na maji, kwani yaweza kudhuru figo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mwone daktari siku hiyo hiyo.

Wenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu nao wapate ushauri wa daktari kwanza.

Saa kumi na moja jioni tulifika garini sote watano, mimi nikiwa wa mwisho kwa hiari yangu. Wahenga walinena kuwa mpanda ngazi hushuka. Basi, msomaji, utakapofika kileleni, furahi, lakini uwe umebakiza nguvu za kuteremka na jicho la kumwangalia mwenzako.