Wito Haulipi Nauli

Swali hili nimelichoka. Afisa wa kaunti ananiuliza tena: tuwaandalie nini akina mama wahudumu wa afya ya jamii ili waipende kazi yao? Hata sijajibu, keshaagiza fulana na kumwalika mzungumzaji wa kuwatia moyo.

Kuipenda wanaipenda. Kinachoniudhi ni imani kwamba wana wito, na pesa zitauharibu. Ajabu, wito wa daktari hauharibiwi na mshahara. Waliosoma kidogo hunitupia mwanasaikolojia Herzberg: eti alithibitisha kuwa mshahara haumridhishi mtu, humpunguzia manung'uniko tu. Aliwahoji nani? Wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, kitabu kikatoka 1959. Watu wenye ajira! Na hata kwa nadharia yake hiyo hiyo, malipo mabovu huzaa kinyongo ambacho sifa hazikiondoi. Mhudumu wa Kenya hutembelea kaya 100 hivi. Posho iliyotangazwa 2023 ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Gawanyeni wenyewe: shilingi 50 kwa kaya. Upande mmoja ukichelewesha, 25, na humo atoe nauli ya boda. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema 2018 kwamba wahudumu hawa walipwe kulingana na uzito wa kazi.

"Lakini dodoso linaonyesha wameridhika." Nani aliuliza? Msimamizi anayepeleka orodha ya malipo, mkutanoni, mbele ya wenzao. Mama wa watu atasema nini zaidi ya "tunashukuru"? Muulizeni kama angetaka bintiye aifanye kazi hiyo, kisha mnyamaze asikike.

Linalomkata maini hasa ni dogo. Jirani keshanyoosha kidole, kifaa cha kupimia sukari kipo, vijikaratasi vyake vimekwisha. Au mjamzito aliyembembeleza mpaka akakubali kwenda kliniki anarudi amefokewa. Wiki ijayo mlango haufunguliwi.

Basi fanyeni haya: malipo yawe na tarehe isiyosogea. Begi lake la vifaa lijazwe kabla ya ripoti kudaiwa. Bando alipe anayetaka takwimu. Barua yake ya rufaa ijibiwe na kituo, hata kwa mstari mmoja. Msimamizi aandamane naye nyumba kwa nyumba, sio kupiga simu tu. Na aliyemaliza sekondari akitaka kusomea uuguzi, miaka yake ya kazi ihesabiwe.