Maumivu Sugu ya Kiuno: Kwa Nini Kitanda Si Dawa

Mtu akikanyaga mwiba huuinua mguu wake kabla hata hajafikiri. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maumivu: kuuonya mwili ujiepushe na madhara. Watu wachache sana huzaliwa bila uwezo wa kuhisi maumivu, nao huungua vidole na kuvunjika mifupa pasipo kujua. Hata hivyo, yapo maumivu mengine ambayo hubaki baada ya tishu zilizoumia kupata muda wa kutosha wa kupona. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi mitatu, wataalamu huyaita maumivu sugu.

Maumivu ya kiuno ni mfano ulio karibu na kila mmoja wetu. Huwapata wakulima, makuli, makarani na walimu. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa watu milioni 619 duniani walikuwa nayo. Wengi hupata nafuu baada ya wiki chache, lakini kwa baadhi yao huwa sugu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wagonjwa hao walishauriwa kulala kitandani, wengine kwa wiki nzima au zaidi. Hoja ilikuwa nyepesi: panapouma pameharibika, na palipoharibika pahitaji kupumzishwa kama mfupa uliovunjika. Yafaa kuichunguza hoja hiyo, kwa maana imewalaza wengi ambao wangeweza kutembea.

MAUMIVU SI KIPIMO CHA JERAHA

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani Henry Beecher aliwahudumia askari waliojeruhiwa vibaya nchini Italia. Alipowauliza kama walihitaji dawa ya kutuliza maumivu, ni takriban robo yao tu waliosema kwamba waliihitaji. Majeraha yalikuwa makubwa, lakini kwa askari yule jeraha lilimaanisha kwamba ameokoka na kwamba sasa ataondolewa vitani.

Kinyume chake pia ni kweli: mwili waweza kuonyesha uchakavu bila maumivu yoyote. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya picha za uti wa mgongo za watu 3,110 wasiokuwa na maumivu. Dalili za kuchakaa kwa visahani vya gegedu vilivyo baina ya pingili zilionekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya watu wa miaka 80. Kwa hiyo, mgonjwa anayeonyeshwa picha na kuambiwa kwamba mgongo wake "umekwisha" aghalabu hutishwa kwa jambo ambalo majirani zake wenye afya nao wanalo.

LANGO LA NEVA

Mtu akigonga goti kwenye meza hulisugua papo hapo, na maumivu hupungua. Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walitoa nadharia ya kueleza jambo hilo. Walisema kwamba katika uzi mkuu wa neva upitao ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Habari za mguso zikifika hapo huweza kuzizuia habari za maumivu zisipite. Tena ubongo wenyewe hutuma amri za kulifungua au kulifunga lango hilo, kwa kadiri ya hofu, matumaini na mazingatio ya mtu. Baadhi ya sehemu za nadharia hiyo zimerekebishwa tangu hapo, lakini kiini chake kimesimama.

Mwaka 1983 Clifford Woolf, mzaliwa wa Afrika Kusini, alionyesha kwa majaribio ya panya kwamba baada ya kuumia seli za uzi huo wa neva huwa nyepesi mno kusisimka. Neva zikiwa katika hali hiyo, mguso mdogo huweza kuleta maumivu makali. Yaweza kufananishwa na kengele ya hatari iliyoharibika, ambayo hulia hata upepo ukipita. Basi, katika maumivu sugu, uchungu ni wa kweli kabisa wala si wa kubuni. Lakini kuongezeka kwake si lazima kumaanishe kwamba mwili unaharibika zaidi.

KITANDA CHAPIMWA

Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa Texas kwa wagonjwa 203 wa kiuno. Baadhi waliambiwa walale siku mbili, wengine siku saba. Waliopewa siku mbili walikosa siku chache zaidi za kazi kwa asilimia 45, nao walipona sawasawa na wenzao. Mwaka 1995 matokeo ya Helsinki, Finland, yaliendelea mbele zaidi: miongoni mwa watumishi 186 wa jiji wenye maumivu mapya ya kiuno, walioendelea na shughuli zao za kawaida kadiri walivyoweza walipona vizuri kuliko waliolazwa kitandani siku mbili.

Sababu si ngumu kuifahamu. Misuli isiyotumika hudhoofika na viungo hukakamaa. Mgonjwa akiinuka huumia upesi zaidi, huingiwa na hofu, kisha hulala tena.

NJIA YA KURUDI

Mduara huo huvunjwa kidogo kidogo. Tuseme mtu aweza kutembea dakika 10 kabla maumivu hayajazidi. Ataanza na dakika 8, siku njema na siku mbaya vilevile, kisha ataongeza dakika moja kila baada ya siku chache. Kosa la kawaida ni kufanya kazi ya siku tatu katika siku moja yenye nafuu, halafu kulala siku tatu zifuatazo.

Jaribio la Australia la mwaka 2024, lililohusisha watu 701 waliokuwa wamepona karibuni, lilionyesha faida ya kutembea. Kwa waliofundishwa kutembea kwa utaratibu, muda wa kati kabla maumivu hayajarudi ulikuwa siku 208. Kwa wenzao ulikuwa siku 112.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu sugu ya kiuno. Miongoni mwa lililoyapendekeza ni mazoezi, elimu kwa mgonjwa, kukandwa, na tiba ya kurekebisha fikra na mienendo. Halikushauri mikanda ya kiuno wala dawa za jamii ya afyuni. Ni kweli kwamba matunzo haya hayaahidi kuyafuta maumivu yote. Huahidi jambo dogo zaidi lakini lenye thamani: mtu kurudi shambani, darasani na katika jamaa yake.

Yapo, hata hivyo, maumivu yasiyofaa kusubiriwa. Mgonjwa na apelekwe hospitali bila kukawia iwapo miguu inalegea, sehemu za siri zimekufa ganzi, au ameshindwa kuzuia mkojo au choo. Vivyo hivyo akiwa na homa, akikonda bila sababu, au akiwa ameanguka vibaya; kwani kifua kikuu huweza kuushambulia uti wa mgongo, na saratani pia. Daktari akishahakikisha kwamba hakuna hatari ya namna hiyo, hatua ya kwanza ya tiba ni kuinuka kitandani.